Swali la Pili

Kiswahili kina njia nyingi za kumsalimu mkubwa, kumwomba radhi, kumpisha apite, hata kumshukuru kabla hajatoa kitu. Njia ya kumwambia kwamba hajajibu swali nimeitafuta kwa miaka mitano, na karibu zote nilizozipata zinachoma. "Hujanijibu" ni maneno ya ugomvi. "Mheshimiwa, hujajibu swali" ni ugomvi ule ule uliovaa suti. "Labda sikueleweka vizuri" ni uongo, kwa sababu umeeleweka vizuri sana na ndiyo maana umezungushwa.

Kutafuta maneno hayo ni sehemu ya kazi yangu. Mimi ni mtafiti wa kipindi cha mahojiano ya kisiasa katika kituo kimoja cha televisheni hapa Dar es Salaam. Hunioni kwenye kioo. Nasoma hotuba za bajeti, ripoti za CAG na kumbukumbu za Bunge, kisha namwandikia mtangazaji kadi. Kila kadi ina maswali mawili yaliyotenganishwa kwa mstari. La juu ni la kuuliza. La chini ni la kuuliza pale la juu litakapokwepwa. Kipindi kikiisha naokota kadi zangu mezani na kutazama alama za kalamu ya mtangazaji. Mara nyingi alama ziko kwenye swali la juu tu.

Aliyenifanya niamini swali la chini ni Mwingereza aitwaye Robin Day, aliyefariki Agosti 2000, mimi nikiwa sijaanza shule. Mara ya kwanza kumwona ilikuwa chuoni, mhadhiri alipotuonyesha kipande cha mahojiano ya zamani ya rangi nyeusi na nyeupe. Mwanamume mwenye miwani mizito na tai ya kipepeo alikuwa akimhoji Waziri Mkuu wa Uingereza, naye hakuwa akitabasamu. Darasa zima likacheka ile tai. Kisha mtu nyuma yangu akasema, "Huyu kwetu hamalizi kipindi." Mwingine akadakia, "Wazungu hawana aibu." Tukatoka tukiwa tumekubaliana bila kupiga kura: kubana watu kwa maswali ni desturi yao, heshima ni desturi yetu.

Niliamini hivyo mpaka nilipoanza kusoma historia ya televisheni ya huko kwao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, BBC ndiyo pekee iliyokuwa ikirusha televisheni Uingereza, na mahojiano yake na wanasiasa yalikuwa ya kunyenyekea kuliko hata yale tunayoyalalamikia sisi. Mwandishi alimkaribisha waziri, akamuuliza kama angependa kusema neno, akasikiliza, akashukuru. Maswali yalipangwa kabla. Kulikuwa pia na kanuni ya siku 14: jambo lolote ambalo Bunge lingelijadili ndani ya wiki mbili zijazo halikuruhusiwa kujadiliwa redioni wala kwenye televisheni. Fikiria maana yake. Kadiri jambo lilivyokuwa la moto, ndivyo lilivyokatazwa zaidi kuzungumzwa. Kanuni hiyo ilisitishwa mwishoni mwa mwaka 1956, wakati wa msukosuko wa Suez, ilipodhihirika kwamba huwezi kuwa na nchi iliyoingia vitani huku televisheni yake ikijifanya haijasikia.

Septemba 1955 kilianza kituo cha pili, ITV, kisicho na undugu na ITV yetu ya Mikocheni. Habari zake ziliandaliwa na shirika la ITN, na miongoni mwa wasomaji wake wa mwanzo alikuwamo Robin Day, akikaribia miaka 32. Alikuwa amepitia jeshini wakati wa vita, akasomea sheria Oxford, akaongoza chama cha midahalo cha wanafunzi wa huko, akapata sifa ya uwakili mwaka 1952. Mahakamani hakukaa sana. Lakini alitoka huko na kitu ambacho waandishi wenzake hawakuwa nacho: mazoea ya wakili anayemhoji shahidi, ambaye hasemi "asante" mpaka apate alichokiuliza.

Mwaka 1957 alikwenda Cairo kumhoji Gamal Abdel Nasser. Miezi michache tu ilikuwa imepita tangu ndege za Uingereza ziipige Misri kwa mabomu, na nchi hizo mbili hazikuwa na uhusiano wa kibalozi. Day alimuuliza kama sasa anakubali kuwapo kwa Israeli. Nasser akamwambia kwamba anakimbilia hitimisho. Day akajibu kuwa hahitimishi, anauliza. Nimeyatazama mabishano hayo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hakuna aliyepandisha sauti. Hakuna aliyetukanwa. Swali lilirudishwa tu pale lilipokuwa, kama mtu anayeokota kikombe kilichoanguka na kukiweka tena mezani.

Mwaka uliofuata akamhoji Harold Macmillan, yule Waziri Mkuu tuliyemwona darasani. Alimuuliza kuhusu waziri wake wa mambo ya nje, Selwyn Lloyd, aliyekuwa akishambuliwa hata na watu wa chama chake mwenyewe. Leo swali hilo lingepita bila mtu kugeuza shingo. Mwaka 1958 lilizua mjadala magazetini. Wapo waliolisifu, na wapo walioandika kwamba televisheni imevuka mpaka: kama kiongozi wa nchi anaweza kuulizwa hivyo mbele ya umma, na chombo hicho kipya kina nguvu kiasi hicho, nani atakizuia?

Kwa hiyo wale waliokuwa wakisema "si heshima" walikuwa Waingereza, wakisema kwa Kiingereza, huko London. Woga mbele ya wakubwa hauna kabila, na ujasiri hauna rangi ya ngozi. Vyote viwili hufundishwa, na vyote viwili huweza kusahauliwa.

Lakini hilo halikutatua tatizo langu la lugha. Day alikuwa na maneno yake ya kulainisha, na kitabu chake cha mwaka 1993, mkusanyiko wa mahojiano yake, kimebeba maneno hayo kwenye jina: *...But With Respect*. Lakini, kwa heshima. Kwa Kiswahili maneno hayo yanapwaya. Sisi tunapomwita mtu Mheshimiwa tumeshamaliza heshima yote kabla ya swali kuanza. Cheo chenyewe ni amri: huyu ni wa kuheshimiwa. Mtangazaji anayemwita hivyo mara kumi katika dakika tano amejifunga kamba mara kumi, kisha anashangaa kwa nini mkono haunyanyuki.

Jibu nililipata Muheza, mkekani, kwenye posa ya binamu yangu.

Upande wa mwanamume walikuja na mshenga msemaji hodari, mzee mwenye kanzu nyeupe na ulimi wa asali. Baba mkubwa, anayeongoza mambo ya ukoo wetu, aliuliza jambo moja ambalo wote tulikuwa tumelisikia pembeni: je, kijana ana mke mwingine Arusha? Mshenga akajibu. Akaeleza familia wanayotoka, kazi ya kijana, dini yake, jinsi anavyomtunza mama yake. Alizungumza vizuri kiasi kwamba shangazi zangu wawili walianza kutikisa vichwa. Baba mkubwa alimwacha amalize. Kisha akasema taratibu: "Maneno yako tumeyapokea, na ni mazuri. Tulilouliza bado liko mkekani."

Ukimya. Mshenga akageuka, akamtazama kijana. Kijana akainamisha kichwa, akasema alikuwa naye, wakaachana, na yuko mtoto wa miaka mitatu.

Hakuna aliyetoka pale akisema baba mkubwa hana adabu. Kila mtu alijua kwamba mzee huyo, kwa kuuliza mara ya pili, alikuwa anamheshimu mtu ambaye hakuwapo mkekani: binti aliyekuwa chumbani akisubiri kujua anaolewa na nani. Nilirudi Dar na sentensi ile mfukoni. Kumbe desturi yetu ilikuwa na swali la pili siku zote. Tulilitunza kwa ajili ya mahari, mirathi na usuluhishi wa ndoa, ila tulipojenga studio tukasahau kulihamishia humo.

Niliiandika kwenye kadi, chini ya mstari. Haikuchukua muda ikapata nafasi.

Mgeni wetu wiki hiyo alikuwa kiongozi wa serikali, na mada ilikuwa mradi wa maji ambao tarehe yake ya kukamilika ilikuwa imepita. Asubuhi msaidizi wake alinipigia, kama wanavyopiga wote. "Dada, nitumie maswali basi nimwandae mheshimiwa." Nilimtumia mada, maswali sikumtumia, ndivyo tulivyokuwa tukifanya. Kipindi kilikuwa mubashara. Mtangazaji aliuliza maji yatatoka lini. Mgeni alizungumzia amani na utulivu, nia njema ya serikali, fedha ambazo tayari zimetolewa, na akawashukuru wananchi kwa uvumilivu wao. Niliuona mkono wa mtangazaji ukiigusa kadi.

"Mheshimiwa, maneno yako tumeyapokea," akasema. "Tulilouliza bado liko mezani. Maji yatatoka lini?"

Katika chumba cha kuongozea tunahesabu sekunde kwa kawaida ya kazi. Zilipita nne. Kwenye televisheni sekunde nne za ukimya ni barabara ndefu. Kisha yule mheshimiwa akasema, kwa sauti tofauti kabisa na ile ya mwanzo, "Kwa kweli tarehe sina. Mkandarasi amesimama, na tunadaiwa."

Mtu anaweza kudhani nilishangilia. Nilichokifanya ni kufikiria wanawake wa wilaya ile, waliokuwa wakinunua maji ya madumu wakingojea mwezi ujao, kisha mwezi ujao tena. Sasa walijua kwamba hakuna mwezi. Wangeweza kuchangishana wachimbe kisima, au wamkabe diwani wao, au wahame. Jibu lile halikuwapa maji, bali liliwaondolea kungoja. Huenda hiyo ndiyo huduma yote ambayo mwandishi wa siasa anaweza kumpa mtu.

Mwezi uliofuata kipindi chetu kiliacha kuwa mubashara. Kinarekodiwa sasa, siku mbili kabla. Sababu tuliyopewa ilikuwa ratiba. Ukimya wa sekunde nne, ukirekodiwa, hukatwa na mhariri wa picha kwa kubonyeza mara moja.

Hapo ndipo nilipoyasoma upya maisha ya Day, safari hii nikitafuta alishindwa wapi.

Nilikuta kwamba alikwenda mbali mno angalau mara moja. Oktoba 1982 alimhoji John Nott, waziri wa ulinzi, miezi michache baada ya vita vya Falklands. Nott alikuwa ameshatangaza kwamba hatagombea tena ubunge. Swali lilihusu kupunguzwa kwa jeshi la majini, na Day akauliza kwa nini wananchi wamwamini yeye, mwanasiasa wa kupita, aliyepo leo na kesho hayupo, badala ya afisa mwenye uzoefu wa miaka mingi. Nott akachomoa kipaza sauti, akaondoka. Miaka 20 baadaye Nott aliyachukua maneno hayo ya leo na kesho kuwa jina la kitabu cha maisha yake, jambo linaloonyesha kwamba ucheshi haukumpotea. Kipande hicho ni mashuhuri kuliko kazi nyingine yoyote ya Day. Lakini mtazamaji aliyetaka kujua habari za jeshi la majini alibaki na nini? Alibaki na kiti kitupu. Kwangu mimi, lile lilikuwa kofi. Swali la pili humbakiza mtu kitini, kwa kuwa jibu analo yeye. Tunaoishi kwenye zama za video za sekunde 30 tunapaswa kuwa waangalifu hapa: kinachosambaa usiku kucha kwenye simu zetu kwa kawaida ni kofi.

Nilikuta pia kwamba wakubwa walijifunza haraka kuliko waandishi. Day alipewa cheo cha Sir mwaka 1981, lakini Margaret Thatcher, katika mahojiano ya uchaguzi wa 1983, aliendelea kumwita Bwana Day, tena na tena. Hata huko kwao, kumbe, vyeo ni silaha. Thatcher alikuwa na uwezo wa kujibu kwa dakika nyingi bila kumeza mate, hadi Day akalazimika kumkumbusha kwamba mahojiano yanahitaji mwulizaji naye aulize mara moja moja. Uzeeni Day alilalamika kwamba wanasiasa wameyageuza mahojiano kuwa jukwaa la hotuba. Mlango alioufungua kwa bega, wao waliujengea baraza wakakaa.

Kwetu hata kitini wengine hawakai. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa rais wa vyama vingi Tanzania, wagombea wote wanne, Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo, walikutana kwenye mdahalo mmoja. Kuna watoto waliozaliwa mwaka ule ambao sasa wana watoto, na hawajawahi kuona kitu kama hicho nchini mwao. Kenya walifanya kubwa zaidi mwaka 2013, wagombea wanane wakisimama mbele ya Linus Kaikai na Julie Gichuru. Lakini mwaka 2017 Raila Odinga alijibu maswali peke yake, Uhuru Kenyatta hakutokea. Mwaka 2022 ikawa zamu ya William Ruto kusimama peke yake, Raila hakutokea. Njia rahisi kuliko zote ya kulikwepa swali la pili ni kutolisubiri hata la kwanza.

Kuna jambo moja ambalo Day alilishikilia kwa muda mrefu kuliko yote, nalo halikuhusu studio. Mwaka 1963 aliandika kijitabu cha kutetea kamera ziingie Bungeni. Wabunge walikataa, wakakataa tena. Kamera ziliingia katika Bunge la Makabwela la Uingereza Novemba 1989, miaka 26 baadaye, mwaka ule ule alioacha kuongoza kipindi chake cha *Question Time* baada ya miaka kumi. Sisi tulifika huko kisha tukarudi nyuma: Januari 2016 ilitangazwa kwamba TBC haitaonyesha tena mijadala ya Bunge mubashara, na sababu iliyotolewa ilikuwa gharama. Walibaki na kipindi cha usiku kilichorekodiwa. Nilikuwa bado mwanafunzi. Mpaka leo, ninapotazama kipindi chetu kikikatwakatwa na mhariri, naelewa kwamba mubashara ni hali ambayo mwananchi anaona kwa wakati mmoja na mkubwa, kabla mtu mwingine hajaamua aone nini. Teknolojia hufuata baadaye.

Mwaka 1959 Day mwenyewe aligombea ubunge kwa chama cha Liberal, jimbo la Hereford, akashindwa, akarudi kwenye televisheni na kujiunga na *Panorama* ya BBC. Nimewaza sana kuhusu kushindwa kwake huko, kwa sababu mwezi uliopita mimi pia niliitwa upande wa pili. Taasisi moja ya umma ilitaka mtu wa kitengo cha mawasiliano. Mshahara ni karibu mara mbili ya ninaoupata, bima ya afya ya familia imo, na ofisi ina kiyoyozi kinachofanya kazi. Waandishi wengi ninaowaheshimu wamekwenda huko, wengine wakapanda hadi kuwa wakuu wa wilaya, na siwezi kumlaumu hata mmoja. Watu wana watoto.

Kwenye usaili walinipa zoezi. Swali gumu la mwandishi wa habari, nami niandae jibu la mkurugenzi. Niliandika kwa dakika kumi. Mwenyekiti wa jopo alisoma, akatabasamu, akampa aliye kushoto kwake, naye akatabasamu. Lilikuwa jibu zuri sana. Lilianza na shukrani, likapita kwenye mafanikio, likagusa changamoto, likamalizia na mikakati, na popote ulipolishika halikuwa na pembe. Baada ya miaka mitano ya kuwasoma wanaokwepa, nimeijua njia yao kuliko wao wenyewe. Ningekuwa hodari kwenye kazi ile. Hilo ndilo lililonitisha.

Nimewaandikia kuwashukuru na kukataa.

Mama alipiga simu Jumapili, habari ikiwa imeshamfikia kupitia kwa dada yangu. Aliuliza kodi ya nyumba nitalipa na nini, maana mwenye nyumba amepandisha. Nikamweleza kuhusu umuhimu wa taaluma. Nikamweleza kwamba kipindi kinaweza kurudi mubashara mwaka ujao, kwamba riziki anatoa Mungu, kwamba mtangazaji wangu amesema ananitegemea. Alinisikiliza hadi mwisho, bila kunikatiza.

"Nimekusikia mwanangu," akasema. "Sasa kodi utalipa na nini?"

Nikanyamaza kidogo. Kisha nikamwambia kwamba nitatoka Sinza, nitahamia Chanika kwa rafiki yangu, tutagawana chumba, na nitapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi.

"Haya," akasema mama. "Hapo sasa nimekuelewa."